Mstari wa Mchezaji wa Pili

Kila siku ya likizo Asya Mbaruk alikuwa na kazi tatu kabla ya kugusa gemu: kufagia ua, kuzigeuza karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba, na kwenda chuoni kusoma Kurani. Akirudi, akasali na kula, ndipo mama yake, Bi Ghada, anapomtolea waya wa mashine ya gemu kutoka kabatini. "Saa moja tu," humwambia. "Saa ikitimia nauchukua waya wangu." Bi Ghada hakuwa mtu wa kubembelezwa, na mtaa mzima wa Gombani ulilijua hilo.

Mashine ilitoka Maskati, zawadi ya mjomba wake Talal. Ilikuja na mchezo mmoja tu, wa besiboli, mchezo ambao watoto wa mtaani walipouona mara ya kwanza waliuliza goli liko wapi. Asya, aliyekuwa darasa la sita na hodari wa Kiingereza, alisoma maelezo kwenye televisheni mpaka akaelewa. Mmoja anaupiga mpira kwa gongo kisha anakimbilia kituo. Wapinzani wanaudaka na kumtupia mwenzao aliyesimama kituoni. Mpira ukitangulia kufika, mkimbiaji ametoka. Kwa hiyo asiyejua kutupa hana lake katika mchezo huo.

Jumapili aliingia Matano, mtoto wa shangazi yake, kutoka kijijini kwao Makangale. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu, mwenye mikono kama ya mtu mzima. Kwao alikuwa akiwinga ndege mpungani wasiule, kwa teo la kamba la kurushia mawe, na kokoto lake lilikwenda pale pale alipolituma. Likizo ya mwaka uliopita, mbele ya ndugu wote, yeye na Asya walishindana kulenga kopo lililowekwa juu ya mti wa ua. Matano aliliangusha mara tano. Asya alimpiga kuku wa shangazi. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, na kicheko kile kilimkaa Asya rohoni mwaka mzima.

Basi walipokaa chini na pedi za kuchezea mkononi, televisheni ikaleta ukurasa wenye maneno mengi.

"Hapo pameandikwa nni?" Matano aliuliza. Kiingereza kilikuwa hakimpendi.

Ukurasa ule ulimtaka kila mchezaji achague namna ya kutupa. Namna ya kwanza, unabonyeza kitufe tu na mashine inalenga yenyewe. Ya pili, kadiri unavyokishikilia kitufe ndivyo mpira unavyokwenda kwa nguvu. Ya tatu ilikuwa ngumu kuliko zote. Mstari mdogo wenye rangi hutokea chini ya mchezaji, alama hukimbia juu yake, nawe lazima ukiachie kitufe alama inapopita kwenye kijani. Ukikosea kidogo tu, mpira unapotea.

Asya aliusoma wote kimoyomoyo. Kisha akajichagulia ya kwanza, na kumchagulia Matano ya tatu.

"Ni setingi tu," alisema. "Tuko sawasawa."

Mpira wa kwanza wa Matano ulipita juu ya kichwa cha mwenzake ukaangukia kwa watazamaji. Wa pili ukaufuata wa kwanza. Qais, mdogo wake Asya mwenye miaka sita, alijiviringisha mkekani kwa kicheko. "Matano anawagawia watu mipira," alisema.

"Mbona chini ya mtu wangu pana mstari na wako hauna?" Matano aliuliza.

"Hayo ni mapambo ya mchezaji wa pili," Asya alijibu bila ya kumtazama.

Alishinda siku hiyo, na Jumatatu, na Jumanne. Mwanzoni ushindi ulikuwa mtamu kama halua. Ilipofika Jumanne utamu ulikuwa umekwisha, ila hakujua aanzie wapi kuyarudisha maneno yake. Matano hakulalamika hata mara moja. Aliutazama tu mkono wake wa kulia, kama kwamba ndio uliosahau kulenga, kisha akauweka mapajani.

Jumatano baba yake Asya, Mbaruk, alirudi kutoka kazini, kwenye kituo cha kununulia karafuu, akiwa na habari. Mwalimu wa besiboli, aitwaye Ahmada, alikuwa anakuja kutoka Unguja. Jumamosi asubuhi angekuwa uwanjani Gombani kuchagua watoto wa kuingia katika timu mpya ya Pemba. Alitaka watoto wajuao kutupa.

"Nilipoisikia tu nikasema, huyu Matano wetu ndiye hasa," alisema Mbaruk. "Au vipi, mwanangu?"

Matano aliinamisha kichwa. "Mie siendi, mjomba. Mkono wangu hauwezi tena. Nshaona siku hizi zote. Ijumaa baada ya sala n'tarudi zangu Makangale."

Mbaruk alimtazama mkewe, mkewe akamtazama yeye, na hakuna aliyeelewa kitu. Asya alielewa. Aliisukuma sahani yake ya wali, akaondoka mkekani kabla ya wenzake.

Siku ya pili mama yake alimtuma kumpelekea baba chakula. Kituoni palikuwa na watu wengi na magunia yao, na harufu kali ya karafuu ya kuchoma macho. Mbele ya mizani alisimama bibi mmoja mfupi, Bi Mwanawema, aliyekuwa akileta karafuu zake pale kila msimu.

"Bi Mwanawema, sogea uone kwanza," Mbaruk alimwambia. Mizani ilikuwa tupu.

"Nione nni, mwanangu? Nakuamini. Miaka yote hii."

"Najua unaniamini. Ndiyo maana nataka uone."

Bibi alisogea, akainama, akauona mshale umelala kwenye sifuri. "Haya, nimeona," alisema. Ndipo gunia likapandishwa. Alipoondoka yeye, akaja mwengine, na Mbaruk akaanza tena tangu mwanzo: sogea uone. Watu walikuwa wamechoka na jua lilikuwa kali, lakini hakumruka hata mmoja.

Asya aliliweka bakuli la chakula juu ya meza, akaondoka bila ya kuaga. Njia nzima alikuwa anaona haya, na hakuna aliyekuwa akimtazama.

Alimkuta Matano chumbani akikunja kanzu yake na kuitia mkobani.

"Matano, ule mstari si mapambo," Asya alisema. Aliyasema haraka haraka, maana alijua akisita hatayasema kabisa. "Mimi mashine ilikuwa ikinilengea. Wewe nilikuwekea namna iliyo ngumu kuliko zote, na sikukwambia. Mkono wako hauna kasoro. Ni mimi niliyekudanganya."

Matano aliiacha kanzu. "Siku zote hizi?"

"Siku zote."

"Weye ulikuwa ukiniona navyohangaika, ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Nisamehe, ndugu yangu."

Matano aliusukuma mkoba kando. Kisha akainuka. "Kauwashe," alisema. "Na unsomee yote, neno kwa neno."

Safari hii Asya alisoma kwa sauti, namna zote tatu, akaeleza kila moja. "Haya, chagua," alisema.

"Ile ya tatu."

"Hiyo hiyo ngumu?"

"Hiyo ndiyo inayoniachia nitupe mwenyewe. Shida yangu ni kuwa sikujua mstari ule una kazi."

Asya naye akajiwekea ya tatu. Mpira wake wa kwanza ulikwenda moja kwa moja kwa watazamaji, na Qais akasema sasa wamepata wagawaji wawili. Matano aliutazama mstari mara mbili tatu, akakiachia kitufe kwenye kijani, na mpira ukaingia mkononi mwa mwenzake kama uliovutwa kwa kamba. Saa ya Bi Ghada ilipotimia, Asya alikuwa ameshindwa vibaya. Hata hivyo usiku ule aliimaliza sahani yake ya wali.

Ijumaa ikapita na Matano hakuondoka. Jumamosi mwalimu Ahmada alimpa kila mtoto mipira kumi ya kulenga glavu. Matano aliipata glavu mara tisa. Mwalimu aliandika jina lake, kisha akamwomba aurushe mmoja zaidi, kwa raha yake tu ya kutazama.

Walipokuwa wakirudi nyumbani kwa miguu, Mbaruk alicheka. "Jumatano mkono ulikuwa hauwezi, leo umepona. Nani mganga wenu?"

Asya ndiye aliyejibu, akasimulia kila kitu, tangu kuku wa shangazi hadi mapambo ya mchezaji wa pili. Baba yake aliacha kucheka.

"Nitakwambia kwa nini namwita kila mtu aione sifuri," alisema. "Mtu akipimwa kwa mizani iliyoharibiwa, hajui kuwa mizani ndiyo mbovu. Hujiona yeye ndiye mwepesi, na hurudi kwao na fikra hiyo. Kumshinda mwenzio si kosa, Asya. Kosa ni kumfanya ajidharau kwa uongo wako. Umefanya vizuri kusema kabla hajaondoka, maana angeondoka na uongo ule mpaka Makangale, na wewe usingeweza kumfuata kila siku kumwambia si kweli."

"Ndiyo, baba," Asya alisema, na machozi yalimlengalenga.

Tangu siku hiyo hakuna anayeshika pedi nyumbani kwa Bi Ghada kabla Asya hajausoma ukurasa ule kwa sauti na kila mtu kuchagua mwenyewe. Qais huchagua namna ya kwanza, ile ya kulengewa na mashine, na huwashinda wakubwa wote. Nao hawana la kulalamika, maana wamemsikia akichagua.