Barua ya Seremala kwa Watu wa Televisheni

Jumamosi jioni Baba Pacha alifunga karakana yake ya useremala. Alinawa, akakaa mbele ya televisheni. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa akikunja nguo. Pacha wao wa miaka tisa walikuwa sakafuni wakigombania mto.

Kipindi cha vichekesho kikaanza. Mchekeshaji alitokea amevaa kanzu ya padri, ameshika msalaba wa mbao. Akaua nzi kwa ule msalaba. Kisha akajikunia mgongo. Watu ukumbini wakaangua kicheko, na pacha nao wakacheka.

Baba Pacha hakucheka. Msalaba wa kanisa lao aliutengeneza yeye. Wiki tatu aliupiga randa na msasa, kila jioni baada ya kazi za wateja. Mama Pacha akaona mshipa wa shingo umemtoka mumewe.

Baba Pacha akatoka na simu. Mkewe alimsikia akituma ujumbe wa sauti kwa kundi la vijana wa kanisa. Aliwaambia kesho baada ya ibada wakutane kwenye geti la kituo cha televisheni, na mwenye nyundo aje nayo.

Mama Pacha aliwajua vijana wale. Fundi akiwaita, hawaulizi mara mbili. Akilini akamwona mumewe rumande, akawaona pacha wakiuliza baba yuko wapi. Hakungoja. Alikwenda mbio kwa jirani.

Jirani huyo aliitwa Bi Barua. Alikuwa Muislamu, mjane, mtu wa maneno machache. Miaka ishirini alifanya kazi redioni, akisoma barua za wasikilizaji na kuhakikisha zinajibiwa. Alipofika aliketi taratibu, akauliza kama kuna chai, maana amevutwa mkono kama anakwenda kuzima moto.

"Bi Barua, hili si lako," Baba Pacha alisema. "Cha dini yenu wangethubutu kukigusa?"

"Walithubutu. Mwaka jana huyu huyu aliigiza tunavyosujudu. Niliwaandikia. Siku ya nne wakaomba radhi."

"Si ndiyo hayo. Ninyi mnaombwa radhi, sisi tunachekwa."

"Kweli, kipimo chao hakiko sawa. Nimekaa na watangazaji, nawajua. Husema Wakristo wapole, hawatasema kitu. Upole wenu wameufanya ruhusa. Sasa niambie, fundi, mmewahi kuwaandikia hata mstari mmoja?"

Baba Pacha akatikisa kichwa. Mama Pacha akatazama chini. Alikumbuka siku ya kile kichekesho cha kusujudu. Yeye na mumewe walicheka mpaka machozi.

"Nilisikia," Bi Barua alisema bila hasira. "Ukuta wetu ni wa tofali moja."

Mama Pacha alitamani ardhi ipasuke. Mwanamke huyu alisikia kile kicheko, na bado amekuja.

Bi Barua akawaeleza. Ukienda na nyundo, kesho habari itakuwa nyundo, na msalaba utasahaulika. Andika jina la kipindi, siku na saa. Andika ulichokiona, usiongeze chumvi. Sema kinachokuuma na unachotaka. Matusi na vitisho huitupa barua kapuni na kuwaleta polisi mlangoni. Atakayeipokea atie saini kwenye nakala yako. Wasipojibu, ipeleke kwa mamlaka inayosimamia vituo vya utangazaji.

"Na msiwaombe wafunge kipindi," akasema. "Tukikosea, watuseme. Lakini kitu cha ibada si cha kuulia nzi, kiwe chenu au chetu."

Baba Pacha akachukua simu. Halafu akafuta ule ujumbe, akatuma mwingine. "Vijana, nimekosea. Nyundo ziacheni nyumbani. Njooni mtie saini barua."

Mama Pacha hakuwahi kumpenda mumewe kama saa ile.

Barua iliandikwa mara tatu. Ya kwanza ilimwita mchekeshaji mbwa. Bi Barua akalikata neno. "Huyu mbwa atakufikisha mahakamani," alisema. Mwishoni Baba Pacha aliandika kwamba kila msalaba wa mbao una mtu aliyeupiga msasa huku anaomba. Hapo Bi Barua hakugusa kitu.

Watu arobaini na mmoja walitia saini. Barua ikapelekwa kituoni, wiki ikapita kimya. Wakaandika tena, nakala wakaipeleka kwa mamlaka. Jumamosi iliyofuata, saa ile ile, mtangazaji alisimama bila muziki. Aliomba radhi, akausoma ule mstari wa msasa, akaahidi kwamba vitu vya ibada vya dini yoyote havitafanyiwa tena mzaha hapo.

Mwezi mmoja baadaye, kituo kingine kilimwonyesha mwigizaji akifuta meza kwa hijabu. Bi Barua alikuwa amesafiri kwa binti yake. Baba Pacha akapunguza sauti, akachomoa penseli nyuma ya sikio, akatazama saa ya ukutani.

"Mama Pacha," alisema, "kipindi hiki kinaitwaje?"