Mwanya Kwenye Mabati

Kila asubuhi nilichota maji, nikafagia mbele ya duka la Eedo Qali, kisha nikaenda shule peke yangu. Qali ni dada wa baba, na sisi Wasomali shangazi wa namna hiyo tunamwita eedo. Baba na mama walikuwa mbali na ngamia, wakifuata malisho, nami nikaachwa mjini Modogashe ili nisome. Eedo alinilisha vizuri, sikatai. Lakini alishinda dukani akiwahudumia madereva wa malori, na jioni alichoka hata kuniuliza, "Umeshindaje?" Shuleni wasichana walikuwa na makundi yao tangu chekechea. Mimi, Kaaha wa porini, niliambiwa nanuka mbuzi. Basi, nikanyamaza.

Rafiki zangu walikuwa wanne, na wote wa siri. Bwana Mutuku, muuza saruji kutoka Ukambani, alikuwa na stoo, na nyuma yake palikuwa na mwanya kwenye ua wa mabati. Humo ndani mbwa wake alikuwa amezaa watoto wanne. Kwetu mbwa hachezewi. Mate yake ni najisi, na anayemshika huchekwa mji mzima. Lakini wale wadogo walinijua. Kila nilipotoka shule nilijipenyeza, nikakaa nao na kuwasimulia habari za nyumbani.

Siku moja nilimwinua mmoja, akalia. Mama yake aliruka akaniuma mguu.

Nilitoka mbio huku damu ikichuruzika. Eedo aliponiuliza, nilisema mbwa wa Mutuku alinifuata barabarani akaniuma bila sababu. Niliona heri uongo kuliko kuitwa Kaaha wa mbwa. Eedo alinimiminia maji na kukiosha kidonda kwa sabuni robo saa nzima, kisha akanikimbiza hospitalini. Nesi Abigael alinidunga sindano ya kukinga kichaa cha mbwa, akaonya nisikose hata moja ya zilizobaki.

Kesho yake wazee walikutana mbele ya stoo ya Mutuku kudai haki yangu. Kwetu aliyeumizwa hulipwa fidia, ila huulizwa kwanza ni mahali gani. Mnyama akikuumiza njiani, mwenyewe hulipa. Ukimfuata kwake, mambo hubadilika. Mzee Kulow, aliyeongoza kikao, alisema mbwa anayeuma wapita njia huenda ana kichaa. Mutuku atoe mbuzi sita, alipie na sindano, na mbwa auawe kabla ya adhuhuri.

Mutuku hakubisha. Alisema tu, polepole, kwamba hajui wale wadogo watanyonya nini.

Wallahi, moyo uliniuma kuliko mguu. Nilimtazama Eedo, nikawatazama wasichana wa darasa langu waliokuja kuchungulia. Nikasimama.

"Hakuniuma barabarani," nikasema. "Mimi ndiye niliyeingia kwake. Naingia kila siku. Nilimshika mtoto wake."

Wasichana wakacheka. Eedo hakucheka.

"Kila siku? Kufanya nini?"

"Kuzungumza nao, Eedo. Sina mwingine."

Wazee walinong'onezana kwa muda mrefu. Mbuzi hawakutolewa. Mbwa angefungwa siku kumi, daktari wa mifugo amwangalie. Mutuku angelipia sindano zote, kwa kuwa mwenyewe alikiri kuwa aliuona ule mwanya akaupuuza. Alikwenda palepale kuchukua nyundo.

Kisha Mzee Kulow aliniita mbele yake. "Uongo wako uliuona mdogo," akasema, "lakini ulikaribia kuwaacha watoto wanne bila mama. Ukikosa, sema mapema, kabla mwingine hajalipa." Akamgeukia shangazi yangu. "Na wewe, Qali, fidia ya mguu tumeimaliza. Ya upweke wa mtoto huyu tumdai nani?"

Eedo alinishika mkono, tukarudi nyumbani, mimi nikichechemea.

Siku kumi zilipita, na mbwa akawa mzima. Ule mwanya umezibwa, na shuleni bado wapo wanaobweka nikipita. Naumia, siwezi kudanganya. Lakini siku ile ya kikao, baada ya sala ya magharibi, Eedo alifunga duka lori likiwa bado linapiga honi nje. Alimimina chai vikombe viwili, akaketi mkekani kando yangu.

"Haya, Kaaha," akasema. "Umeshindaje?"

Nilimweleza yote, toka siku ya kwanza. Chai ikapoa, naye hakuinuka.