Fundo la Masikio Mawili

Asubuhi moja, kiangazi kikielekea ukingoni, jamhuri mpya ilitangazwa rasmi mbele ya nyumba ya Bi Mwanapili, kijijini Bwejuu. Rais wa jamhuri hiyo alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akakohoa kwa heshima, akatamka kuwa kuanzia saa hiyo nchi yote, tangu mlango wa jiko hadi mwisho wa pwani, iko chini ya mamlaka yake.

"Wewe Ulfat!" sauti ilitoka jikoni. "Shuka kwenye kinu changu! Na mswaki umeshapiga?"

Rais alishuka. Alikuwa hajapiga mswaki.

Ulfat alikuwa na miaka kumi na miwili. Kwao ni Mji Mkongwe, lakini sehemu kubwa ya mwaka alikaa shule ya bweni, ambako alijifunza hesabu, Kiingereza na, kwa bidii kuliko masomo yote, namna ya kumfanyia mtu mzaha bila ya kushikwa. Kila likizo kubwa alipelekwa shamba kwa bibi yake. Huko alifagia uwanja, na binamu yake Kheir, mwenye miaka kumi, alilisha kuku. Kheir ndiye aliyekuwa pia Waziri wa Mambo Yote, kwa kuwa jamhuri haikuwa na raia mwengine.

Barazani, Babu Haroub alikuwa akiinama huku na huku akitafuta kubadhi lake la ngozi la mguu wa kushoto, lililopotea tangu wiki iliyopita.

"Kunguru hao," alisema. "Kunguru wa siku hizi hawamwogopi hata binadamu."

"Wamezidi, babu," Ulfat aliitikia kwa uso wa majonzi.

Maji yalipokupwa, Bi Mwanapili alijifunga kanga kiunoni akateremka pwani kutazama shimo lake la makumbi. Wanawake wa kijiji kile hufukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa tope, pale maji yanapofika na kuondoka, na kuyaacha miezi mingi mpaka yalainike. Kisha huyafukua na kuyapiga kwa gongo hadi zibaki nyuzi tupu, ambazo ndizo usumba, na usumba husokotwa kamba. Mwaka huo Bi Mwanapili alizihitaji kamba kuliko kawaida. Paa la jiko lake lilikuwa limechakaa. Makuti mapya yalikuwa tayari, lakini hapakuwa na kamba za kuyafungia, na masika hayangoji mtu.

Mashimo yale yamejipanga pwani, yote yamefunikwa kwa mawe, na yanafanana kama mapacha. Kwa hiyo kila mwenye shimo huchomeka kijiti na kufunga alama yake. Bi Mwanapili alifunga kipande cha kanga nyekundu. Shimo la pili yake lilikuwa la shoga yake wa tangu utotoni, Bi Mwanamwema, naye alifunga kipande cha wavu wa buluu. Makumbi ya Bi Mwanapili yalikuwa yameiva, na kesho yake angeyafukua. Ya Bi Mwanamwema yalikuwa bado mabichi.

Bibi aliporudi nyumbani, Rais na Waziri walibaki pwani wakikimbiza kaa. Ndipo Rais alipoviona vijiti viwili, chekundu na cha buluu, akapata wazo.

"Unafanya nini?" Kheir aliuliza, akimwona anafungua kitambaa.

"Mabadiliko madogo ya mipaka." Ulfat alifunga kanga nyekundu kwenye kijiti cha buluu, na wavu wa buluu kwenye kijiti chekundu. "Kesho tunajificha nyuma ya ngalawa ile mbovu, wanakuja, wanabishana kidogo, tunatokea, tunacheka wote."

"Na kesho tusipokuja?"

"Waziri, acha maswali ya upinzani."

Jioni hiyo hiyo mjomba Wakil alifika na gari. Mama yake Ulfat alimtaka mjini, akapimwe sare za shule kabla fundi hajazidiwa na kazi. Ulfat aliingia garini. Mjini, fundi Himid alimzungushia utepe wa kupimia, mama akamnunulia viatu vyeusi vya kamba, na jioni akapelekwa Forodhani kula urojo. Jamhuri ilisahauliwa. Vitambaa navyo vilisahauliwa.

Aliporejea Bwejuu siku chache baadaye, kitu cha kwanza kilichomshitua ni ukimya. Saa kama ile, uwanjani kwa bibi husikika magongo mawili yakipokezana, pu! pu!, na wazee wawili wakitaniana katikati. Safari hii alisikia kuku tu.

Kheir alikuwa amekaa kwenye kinu.

"Umeiua nchi," alisema.

"Kumetokea nini?"

"Bibi kachimba shimo la Bi Mwanamwema. Lote. Kayaleta nyumbani kayapiga, yakamkatalia, yakakatikakatika. Bi Mwanamwema akaja, akayaona mabichi, akayajua kuwa ni yake, akasema kaibiwa. Alisema mbele ya watu, Ulfat."

"Bibi akajibu nini?"

"Kaingia ndani tu. Afadhali angejibu."

"Na wewe hukusema?"

"Mimi waziri tu," Kheir alisema, akatazama chini. "Nliogopa."

Ulfat aliingia ndani. Bi Mwanapili alikuwa amekaa kitandani, mikono yake imetulia mapajani kama ya mgeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Viatu vimekutosha?"

"Vimenitosha. Mbona huendi pwani? Maji yamekupwa."

"Siendi tena." Bibi alisema hivyo kwa upole, kama anayesema hataki chai. "Nshazeeka, Ulfat. Naiendea pwani ile tangu nina meno ya utoto, sijawahi kugusa shimo la mtu. Sasa nimechimba la mwenzangu kwa mikono yangu, na macho yangu yananiambia ni langu. Mtu akifika hapo, akili imeanza kumwaga. Leo shimo. Kesho nitaingia nyumba ya watu niseme yangu. Gongo nshampa mama yake Kheir."

Kusema kweli, mzaha wa Ulfat ulikuwa umefanikiwa kuliko mizaha yote aliyowahi kuifanya, na hapakuwa na hata mtu mmoja aliyecheka.

Aliamua kukiri. Lakini alitaka kukiri vizuri, kwa hiyo jioni yote alitunga hotuba. Ilianza, "Kwa masikitiko makubwa, na baada ya tafakuri ya kina." Kila bibi alipopita mbele yake, Ulfat alifungua mdomo, kisha akakumbuka kuwa sehemu ya katikati bado haijakaa sawa. Hotuba ilirefuka. Bibi akaenda kulala.

Asubuhi iliyofuata Babu Haroub alitaka kuviona viatu vipya. Ulfat alikaa barazani, akavivaa, akaanza kufunga kamba. Hapo ndipo Bi Mwanamwema alipopiga hodi. Mkononi alikuwa na kijiti chenye kipande cha wavu wa buluu.

Bi Mwanapili alitoka. Wazee wale wawili walisimama bila kutazamana.

"Mwanapili," Bi Mwanamwema alianza, "lile neno nililolisema limeninyima usingizi. Mimi nakujua wewe. Kwa hiyo leo nimeshuka pwani kukitazama kijiti. Wavu huu niliufunga mwenyewe, kwa fundo la kufungia nyavu, kama alivyonifundisha marehemu mume wangu. Hebu tazameni fundo hili."

Lilikuwa fundo zuri, lenye masikio mawili yaliyosimama kama ya sungura.

"Bwejuu nzima," Bi Mwanamwema aliuliza, "nani anafunga hivi?"

Babu Haroub alilitazama fundo, kisha akaitazama baraza. Bi Mwanapili akafuata macho yake. Kheir aliyatazama mawingu, ingawa siku hiyo hayakuwapo. Na Ulfat, vidole vyake vikiwa bado kwenye kiatu, alikuwa ndiyo kwanza anavuta sikio la pili.

Hotuba yote ilimkimbia.

"Ni mimi, bibi," alisema. "Nlibadilisha vitambaa. Nlitaka kuwacheka, halafu nikenda mjini nikasahau, halafu nikarudi nikaogopa. Wewe hukukosea. Ulifuata kitambaa chako. Akili yako haijamwaga kitu." Akaanza kulia, jambo ambalo marais hawalifanyi.

Bi Mwanapili alijishika kwenye nguzo ya baraza. "Kwa hiyo niko sawa?"

"Uko sawa, bibi."

"Wallahi niko sawa!" Bibi alijifunika uso kwa kanga, mabega yakamtetema, na hakuna aliyejua kama anacheka au analia.

"Na mimi nimekwita mwizi, shoga yangu," alisema Bi Mwanamwema. "Nisamehe."

"Nshakusamehe. Kaa. Huyu ndiye wa kuzungumza naye." Bi Mwanapili alikaa mbele ya mjukuu wake. "Nitazame, Ulfat. Pwani ile ina mlango?"

"Haina."

"Ina kufuli? Ina askari?"

"Hapana, bibi."

"Mtu anafukia makumbi yake, anakwenda zake, miezi inapita, anarudi anayakuta. Hayalindwi na kitu isipokuwa kile kitambaa, na sisi sote kuamini kuwa kitambaa kinasema kweli. Wewe umekifundisha kusema uongo, na shoga yangu akaacha kuniamini, na mimi mwenyewe nikaacha kujiamini. Mzaha naupenda, hata mimi nina mizaha yangu. Lakini mzaha unaomfanya mwenzako ajione mwendawazimu si mzaha. Na ukishajua umekosa, sema hapo hapo. Usikae kulipamba kosa kwa maneno. Kila ulipokuwa ukilipamba, mimi nilikuwa nikiumia."

"Naam, bibi."

"Na wewe, Kheir, kunyamaza kwako nako nimekuona."

"Naam, bibi," alisema Waziri kwa sauti ndogo.

Hukumu ilikuwa ya haki na ilikuwa na mawe mengi. Nusu ya makumbi yaliyoiva ya Bi Mwanapili alipewa Bi Mwanamwema. Ulfat na Kheir walipita nyumba kwa nyumba kukusanya makumbi mengine, wakachimba shimo, wakayafukia, wakabeba mawe ya kuyafunika mpaka viganja vikachubuka. Bi Mwanamwema akawafundisha kufunga wavu kwa fundo la kweli. Kisha magongo yakaanza tena, pu! pu!, na wazee wawili wakasokota kamba, huyu akishika ncha hii na yule ile, wakikumbushana habari za mtu fulani aliyewahi kuanguka kisimani.

Siku moja kabla ya Ulfat kurudi shule, fundi Machano alipanda juu ya jiko kushusha makuti ya zamani. Wote walikusanyika kutazama. Ulfat alikuwa na furaha kubwa, mpaka alipokumbuka jambo, na kwa bahati mbaya alilikumbuka wakati Machano alipokuwa akisema, "Haya, na hiki ni nini?"

Kitu kilianguka miguuni mwa Babu Haroub. Lilikuwa kubadhi la kushoto, limefungwa uzi kwenye kipande cha boriti. Babu aliliokota, akaligeuza, akautazama ule uzi kwa makini.

"Ajabu," alisema taratibu. "Sijawahi kusikia kunguru anayefunga fundo la masikio mawili."

Ulfat alimtazama bibi yake. Bibi alikuwa anangoja, kanga imemziba mdomo. Kheir alifungua mdomo asaidie, lakini Ulfat alimtangulia, na safari hii hakutunga hotuba.

"Kunguru huyo ni mimi, babu."