Mfuko wa Mbolea Hauna Breki

Mfuko wa mbolea hauna breki, na kila mtu wa milima ya Gangwon analijua hilo tangu akiwa na meno ya utoto. Unaujaza mabua makavu ya mpunga, unaukalia, unashika pembe mbili za mbele, na mteremko unafanya kazi iliyobaki. Bokyung hakuwa mtu wa Gangwon. Alikuwa mtu wa Busan, mji wa bahari ambako theluji ikianguka kimo cha kidole shule zinafungwa, na mama mkwe wake hakuacha siku ipite bila kumkumbusha.

"Nisukume, Mama Daon!" Bibi kizee huyo alikuwa ameshakaa juu ya mfuko wake, magoti yake ya miaka sabini na tatu yamekunjwa kama ya msichana. "Sukuma basi! Au kwenu mnajua kusukuma mikokoteni ya samaki tu?"

Watu waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Ilikuwa saa saba mchana, siku ya tatu ya Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi, na mgongo wa mlima ulijaa familia zilizopanda na mifuko yao. Bokyung alikuwa amesimama jikoni siku mbili akikaanga vyakula vya matambiko, akiambiwa supu haina chumvi, akiambiwa mtoto amekonda. Mumewe, Gitae, alikuwa amebaki chini kwenye gari akiuguza mgongo wake. Kicheko cha wageni kikamchoma. Akaweka viganja viwili mgongoni mwa mama mkwe wake, akasukuma kwa hasira yote ya siku mbili.

Mfuko ukachomoka. Badala ya kufuata njia iliyolainishwa na watu ukakata kushoto, ukapita chini ya kamba nyekundu ya kuzuia watu, na bibi akasikika akipiga kelele ya furaha. Hapo hapo wingu likamwagika kutoka upande wa bahari. Halikuja polepole. Kamba nyekundu ikapotea, kisha watu, kisha kila kitu kilichokuwa mbali na miguu ya Bokyung, na upepo ukaanza kurusha theluji ngumu iliyowasha uso kama mchanga.

"Mama," alisema Daon, binti yake wa miaka minane, aliyekuwa ameshika koti lake. "Bibi yuko wapi?"

Bokyung alitazama chini ya mteremko. Alikuwa amesikia kelele ile ya furaha ikikatika katikati.

Akavua glavu akapiga simu kwa waokoaji. Sauti ya kijana ikamwambia asiondoke alipo, timu inapanda, lakini kwa hali hii ni masaa mawili au matatu.

"Ni mzee! Ana presha! Atakufa!"

"Dada, usimfuate. Ukimfuata tutatafuta wawili."

"Tutakuwa watatu," alisema Bokyung, na simu ikazimika. Baridi ilikuwa imemaliza betri.

Mfuo ulioachwa na mfuko ulionekana bado miguuni pake, mpana kama mlango, lakini theluji ilikuwa ikiujaza mbele ya macho yake. Dakika kumi tu na usingekuwapo. Kumwacha mtoto peke yake kwenye weupe ule hakuweza. Kumwacha mama mkwe hakuweza pia, maana mikono iliyomsukuma ilikuwa hii hii yake. Akavua skafu yake ndefu, akafunga ncha moja kiunoni mwa Daon na nyingine kiunoni mwake, mafundo mawili mawili.

"Ukianguka, kaa. Usinivute. Nikianguka mimi, kaa vilevile. Umesikia?"

"Naogopa, Mama."

"Hata mimi. Chukua mfuko wako."

Wakateremka. Theluji ilifika magotini, kisha mapajani. Alipokanyaga pagumu alishukuru, na alipokanyaga pasipo kitu moyo ulimtoka. Kope zake ziliganda hata akawa anazifungua kwa vidole. Mara mguu wake wa kulia ukazama mpaka nyonga na chini yake hakukuwa na ardhi, ni hewa tupu, na mabonge ya theluji akayasikia yakianguka mbali sana. Skafu ikakaza. Daon alikuwa ameketi kama alivyoambiwa, visigino vimezama, analia bila sauti. Bokyung akajivuta nyuma kwa viwiko, kidogo kidogo, huku akimwomba kila marehemu wa ukoo wa mumewe aliyempikia juzi.

Aliposimama tena, mfuo haukuwapo.

"Mama!" akaita. "Mama, uko wapi?"

"Mama!" sauti ya mwanamume ikaitikia kutoka kulia. "Mama, rudi huku!"

"Bibi! Bibi!" watoto wakalia mahali fulani juu.

Mlima mzima ulikuwa ukiita mama na bibi. Kila familia ilikuwa imepoteza wake, na sauti ziligongana ndani ya wingu hata usijue ipi ya nani. Bokyung aliita mpaka koo likawasha, Daon akaita naye, na hakuna aliyejibu. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na hapa mjukuu mwenyewe alikuwa amefungwa kiunoni mwake, midomo imegeuka rangi ya zambarau.

Kisha Daon akaokota glavu ya sufu nyekundu. Ilikuwa ya bibi. Haikuwa na mkono ndani yake; Bokyung aliichungulia mara mbili kuhakikisha.

Ndipo akili yake ikaukumbuka mfuko wa karatasi wa duka la dawa. Kila mwezi ni yeye aliyekwenda kuchukua vidonge vya presha, na kila mwezi mfuko ule uliandikwa jina la bibi kwa wino mweusi. Tak Dalrye. Miaka kumi na mmoja ya ndoa na hajawahi kulitamka. Nani alitamke? Mkwe kumwita mama mkwe wake jina, tena jina tupu bila heshima yoyote, si afadhali umpige kofi mbele ya wageni!

Kinywa kikakataa. Akajilazimisha.

"Dalrye!"

Upepo.

"Dalrye! We Dalrye! Njoo hapa!"

"Nani huyo?" sauti ikafoka kutoka chini, si zaidi ya hatua tano. "Mshenzi gani asiye na adabu anayeniita hivyo?"

Bokyung akaanguka magotini akilia na kucheka kwa pamoja.

Bibi alikuwa ndani ya shimo, pale theluji inapoacha uwazi kuzunguka shina la msonobari. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umegeukia upande usio wake, na mkono mmoja ulikuwa wazi, mweupe kama nta.

"Tulikuita muda wote!" alisema Bokyung akishuka kwa tumbo. "Mbona hukuitika?"

"Nilisikia watu wakiita mama zao," alisema bibi taratibu, ulimi mzito. "Nikasema masikini, Mungu awasaidie. Sikujua ni mimi."

Hawakuweza kumpandisha. Bokyung alijaribu mara moja tu, na bibi alipiga yowe lililomnyamazisha hata Daon. Basi wakajenga pale pale. Bibi alitoa amri, mtu wa Busan akatii.

"Toa mabua kwenye mifuko. Yatie ndani ya koti la mtoto, mbele na nyuma. Na wewe. Mfuko mmoja tandika chini tukalie. Mwingine funga juu ya msonobari, juu kabisa, ufunge pembe mbili tu."

"Pembe mbili kwa nini?"

"Upige kelele, we! Bendera ya kimya nani ataiona kwenye ukungu huu?"

Bokyung akapanda matawi kwa vidole visivyohisi kitu. Upepo ukaushika mfuko, ukaanza kuupiga pa! pa! pa! juu ya vichwa vyao. Akarudi chini, akauchukua mkono wa bibi ulio wazi akautia kwapani mwake mwenyewe. Baridi yake ilimkata pumzi.

"Usile theluji," bibi alimwambia Daon. "Itakupoza tumbo. Kunywa chai."

Chai ya shayiri kwenye chupa waliyopanda nayo ilibaki vikombe viwili. Daon alikunywa kimoja, na bibi akakataa cha pili mpaka Bokyung alipokinywa nusu. Waligawana tunda moja la persimoni lililokaushwa, wakalitafuna muda mrefu.

Mwanzoni bibi alitetemeka hata meno yakagongana. Baadaye akaacha kutetemeka, akatabasamu, akasema kumekuwa na joto. Bokyung hakujua theluji, lakini alijua kwamba hilo si jambo jema.

"Mama, usilale. Mama!"

Macho yakafumba.

"Dalrye!"

Yakafumbuka. "Adabu," bibi akanong'ona.

"Dalrye! Dalrye!" Daon naye akadakia, na kwa mara ya kwanza tangu saa saba uso wake ulipata rangi.

Wakamwita hivyo kwa zamu, kila alipozama. Katikati ya hayo Bokyung alihisi hawezi kukaa na jambo lile moyoni tena.

"Nilikusukuma kwa hasira," alisema. "Watu walinicheka, nikakasirika. Nilitaka uanguke. Si hivi. Lakini nilitaka uanguke."

Mfuko ulipiga pa! pa! juu yao.

"Najua," alisema bibi. "Msukumo wa mapenzi haufiki mbali hivi." Kisha: "Na supu yako ilikuwa na chumvi ya kutosha. Usimwambie Gitae nimesema."

Saa kumi na moja kasoro robo waliona rangi ya machungwa ikitembea ndani ya weupe. Waokoaji walikuwa wamepita juu yao mara mbili, walisema baadaye, na mara ya tatu mmoja wao akauliza ni nani huyo anayekung'uta shuka mlimani. Wakateremsha kamba. Bokyung alijaribu kufungua skafu kiunoni mwake ili mtoto apandishwe kwanza, ikamshinda. Ikabidi waikate kwa kisu.

Asubuhi ya pili yake bibi alikuwa amelazwa chumba kimoja na wazee wengine watano, mguu juu, vidole vya mkono vimefungwa bandeji. Gitae alikuwa ameketi kando ya kitanda akimsimulia kila aliyepita. Bokyung akaingia na uji wa kokwa za misonobari. Usiku kucha alikuwa amesikia pa! pa! masikioni.

"Mama," alisema. "Uji."

Wazee watano wakageuza vichwa. Wa sita alitazama dari.

"Mama. Unapoa."

Dari tu.

Bokyung akamtazama mumewe, akawatazama wale wazee, akahisi masikio yakiwaka moto.

"Dalrye," alisema kwa sauti ndogo.

Gitae akaangusha simu yake sakafuni.

"Haya, Bokyung," alisema bibi, akinyoosha mkono wake mzima. "Sasa nimejua unaniita mimi. Lete."