Haya Ipi?

Kila mteja aliyeingia kwa Mama Kifungo alipewa kigoda kwanza, kisha akaulizwa swali. "Nikupime?" Fundi huyu akishauliza, alisubiri. Futi ya kupimia ilining'inia shingoni mwake, mikono ameiweka nyuma.

Kuna mafundi wanaokuvamia. Hujaweka mkoba chini, futi imeshakuzunguka kiuno. Mama Kifungo hakuwa hivyo. Kila alipohamia sehemu nyingine ya mwili aliuliza upya. "Nipitishe kifuani? Nishuke kwenye nyonga?" Watu walimtania kwamba anashona polepole kwa sababu ya maswali, lakini walirudi kwake wao na dada zao.

Siku moja alikuja msichana aliyetaka gauni la harusi ya rafiki yake.

"Nipime nyonga?" akauliza fundi.

"Haya," akajibu msichana. Mabega yake yalikuwa yamepanda mpaka masikioni.

Mama Kifungo akashusha futi. "Hiyo siyo haya ya kukubali, mdogo wangu. Hiyo ni haya ya kuona haya. Shika futi mwenyewe, ujizungushie. Mimi nitasoma namba tu."

Msichana akacheka, na mabega yakashuka mahali pake.

Kwenye benchi alikuwepo mteja mwingine, nesi wa kliniki ya ng'ambo ya barabara, aliyeleta sare yake ifupishwe. Jina lake la utani ni Bi Taratibu, kwa kuwa neno hilo halimtoki mdomoni. Kazi yake ni kuwashauri watu kuhusu uzazi, tendo la ndoa na namna ya kuishi na mwenza kwa heshima.

"Maneno hayo ningeyabandika ukutani kwangu," akasema Bi Taratibu, msichana alipokwisha kuondoka. "Nani alikufundisha?"

"Wateja wenyewe. Wateja nawaelewa, dada. Nyumbani ndiko kuna..." Mama Kifungo hakumaliza. Akainama, akatafuta sindano iliyokuwa mbele ya macho yake.

Bi Taratibu hakumchimba. "Chumba changu ni kile chenye mlango wa kijani, mwisho wa ukumbi," akasema. "Ukija peke yako, sawa. Mkija wawili, sawa. Yanayosemwa mle yanabaki mle."

Sasa nikueleze ya nyumbani.

Mume wa Mama Kifungo ni fundi wa kuchomelea vyuma. Anatengeneza milango na madirisha, na wenzake humwita Cheche. Ni jitu la mtu, mikono imejaa alama za moto, lakini ukimwona anavyomwogesha binti yake utadhani ameshika yai. Binti ndiye Kifungo. Alipewa jina hilo la utani siku alipozaliwa, mdogo, mviringo, na mama yake ni fundi cherehani.

Kifungo alipozaliwa, mama yake alichanika akashonwa. Kliniki aliyojifungulia walimwambia atapona, basi. Hakuna aliyemwambia mengine. Miezi ilipita, Kifungo akaanza kukaa mwenyewe, na bado kulala na mumewe kulimuumiza vibaya.

Hakusema. Angesema kwa nani, na kwa maneno gani? Cheche alikuwa akimuuliza kwa upole, "Leo, Mama Kifungo?" Naye alijibu, "Haya," uso ukiwa ukutani. Cheche alisikia neno. Ukuta hakuuona. Mkewe aling'ata shuka mpaka yaishe.

Baadaye akaanza kukwepa. Mume akipanda kitandani, mke ana kazi. Vifungo vya mashati yote ya nyumba ile viling'olewa vikashonwa upya, hata vilivyokuwa vizima kabisa.

Cheche akadhani ananuka moshi, akabadilisha sabuni. Haikusaidia. Mwenzake mmoja kazini akamwambia, "Huyo ameshapata mwingine." Cheche alimwambia afunge mdomo, lakini neno lilikuwa limeshamwingia.

Jioni moja Mama Kifungo akasema, "Nataka kwenda kwa mama, nikapumzike kidogo."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

Cheche akatazama begi lililokuwa mlangoni. Zipu haikufunga vizuri, nguo za mtoto zilichungulia. Zilikuwemo zote, hata zile kubwa ambazo Kifungo hatazivaa mpaka mwakani. Mtu anayekwenda kupumzika habebi nguo za mwakani. Cheche aliliona hilo.

Akaketi sakafuni, pale pale karibu na begi. "Mama Kifungo, nimekukosea nini?"

Mkewe akaanza kulia. "Naumia," akasema.

"Unaumia wapi?"

Akatikisa kichwa, akapangusa machozi. Mwishowe akasema, "Kuna nesi kliniki, mwenye mlango wa kijani. Twende wote. Pale nitasema."

Nampenda sana mwanamke huyu kwa neno hilo. Begi lilikuwa tayari na njia ilikuwa wazi, lakini alichagua kwenda kusema jambo gumu kuliko yote.

Chumba cha Bi Taratibu kilikuwa na viti vitatu, feni, na jagi la maji. Kwanza alimwomba Cheche asubiri nje kidogo, akamuuliza mkewe, "Unataka tuzungumze naye akiwepo? Ukisema hapana, hataingia." Mama Kifungo alitaka awepo. Cheche akaitwa, na mkewe akasema yote, macho yakiwa kwenye jagi la maji.

Cheche alikuwa amekunja uso kama mtu aliyepigwa. "Lakini nesi," akasema, "mimi sikumlazimisha. Kila mara nilimuuliza. Alisema haya."

"Haya ipi?" akauliza Bi Taratibu.

Cheche hakuelewa.

"Taratibu, Baba Kifungo. Umewahi kumtazama mkeo akimpima mteja?"

"Kila siku."

"Huwa anafanyaje?"

"Anauliza. Anasubiri. Mteja akisema haya huku amejikunja, anashusha f..." Akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Feni ilizunguka juu yao, hakuna aliyemharakisha.

"Nisamehe," akamwambia mkewe. "Nilisikia neno, sikukutazama wewe."

"Na mimi niliogopa," akasema Mama Kifungo. "Nilidhani nikikataa utaona sikupendi tena. Nakupenda. Ninachoogopa ni maumivu."

Bi Taratibu akawamiminia maji. Kisha akaeleza, taratibu, kama ilivyo desturi yake.

"Mwanamke aliyejifungua anaweza kuumia kwa sababu nyingi. Mshono huenda haujapona vizuri. Kunyonyesha nako kunaweza kukausha uke. Hayo tunayapima na mengi yana dawa. Maumivu hayavumiliwi kimya, eti kwa kuwa mtu ameolewa. Ndoa haimwondolei mtu haki ya kusema hapana. Jana alikubali, leo anaweza kukataa. Hata mkiwa mmeshaanza, mmoja akisema basi, ni basi. Mke ana haki hiyo, na mume pia anayo."

"Hata mume?" akauliza Cheche.

"Wewe hujawahi kuchoka?"

Cheche akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Lakini nesi hakuwa amemaliza.

"Ninyi mmekuja wawili kwa sababu mnasikilizana. Wapo ambao wakisema hapana wanapigwa au wanalazimishwa. Hilo ni kosa la anayelazimisha, si la aliyelazimishwa. Mkimjua mtu wa namna hiyo, mwambieni anaweza kuja hapa peke yake. Tutamtibu, na tutamwelekeza pa kupata msaada na ulinzi. Ila akilazimishwa, awahi. Kuna dawa za kuzuia mimba na virusi vya UKIMWI zinazofanya kazi zikitolewa mapema, ndani ya siku tatu."

Mama Kifungo alipimwa siku ile ile. Sehemu moja ya mshono ilikuwa na kovu lililovutika. Alipewa dawa na mazoezi ya kulegeza misuli, akatakiwa arudi kuangaliwa. Cheche alielekezwa kwenye kikundi cha wanaume kinachokutana katika ukumbi wa mtaa kuzungumzia mambo haya. Alikwenda. Jitu lile lilisimama mbele ya wanaume wenzake, akiwemo yule wa "ameshapata mwingine", likasema, "Mimi nilikuwa sijui kusikiliza." Mimi namvulia kofia. Kuchomelea geti la chuma ni kazi nyepesi kuliko hiyo.

Begi lilifunguliwa. Cheche hakuharakisha jambo. Alipouliza na kuambiwa "bado", alijibu, "Sawa. Nichemshe chai?" Chai ilinyweka sana katika nyumba ile, nakwambia. Walikaa, wakazungumza, wakashikana mikono, na ikatosha. Mama Kifungo alirudi kliniki mara kadhaa, na maumivu yakapungua, mpaka akaanza kulala usingizi bila kukabili ukuta.

Alasiri moja Kifungo alikuwa amelala. Cheche alikuwa juu ya kiti akifunga chuma cha pazia. Mkewe akaja, akasimama nyuma yake, mikono mgongoni, futi shingoni.

"Baba Kifungo, shuka. Nikupime?"

Cheche akageuka, akamtazama usoni kwanza. Mkewe alikuwa anatabasamu.

"Haya," akasema.

"Haya ipi?"

"Ya kukubali. Angalia mabega."

Wakacheka mpaka wakaogopa kumwamsha mtoto. Chuma cha pazia kilibaki kimeshikiliwa na skrubu moja hadi kesho yake.

Na zile nguo kubwa zilizokuwa begini, mwaka uliofuata zilimkaa Kifungo sawasawa. Alizivaa nyumbani kwao.