Kitambaa cha Harusi ya Dafrosa

Haya yalimpata Yustina, rafiki yangu wa hapa hapa Sikka, na mpaka leo haingii nyumba ya mama yake.

Marehemu mama yake alikuwa akimfumia Dafrosa, mdogo wake Yustina, kitambaa cha harusi, akafa hajakimaliza. Yustina aliolewa bila kufumiwa hata leso. Na kwetu, kazi ya marehemu humaliziwa na binti aliyefundishwa naye kufuma, ambaye ni Dafrosa huyo huyo.

"Dada, nenda nyumbani kwa Mama ukaniletee mtambo wake wa kufumia, na kitambaa kikiwa juu yake. Ila usiuguseguse, mikono yako mizito."

"Mtoto wa mama wewe! Haya, nakuletea."

Yustina akatia wembe mfukoni, ili akazikate nyuzi za kitambaa kile.

Mvua ilikuwa imetia giza nyumba nzima. Alipofika mlangoni kwa mama yake akasikia ubao wa kufumia: tak... tak...

"Dafrosa, umenitangulia?"

Ubao ukakoma. Akapapasa mpaka kwenye mtambo. Mkanda wa kuegemeza mgongo ulikuwa na joto, kama umevuliwa sasa hivi.

"Hata baada ya kufa, Mama hajaacha kumfumia Dafrosa," akawaza kwa uchungu. Akatafuta wembe mfukoni, hakuuona. Akabeba mtambo, akatoka mbio.

Dafrosa alipokikunjua kitambaa, akashtuka. "Dada, hiki nini?"

Ulikuwa ule wembe wa Yustina, umefumwa katikati ya nyuzi, umekazwa sawasawa.