Kisasi cha Kithembe

Kila alipotoka shule, msichana alipitia chumba cha shangazi yake, fundi cherehani, kumsaidia kushona vifungo. Na kila siku shangazi alipindisha mdomo akamwiga mbele ya wateja: "Nipe thindano, shangathi!" Wateja walicheka hadi wakashika mbavu. Jina likamganda: Kithembe.

Kithembe alimeza uchungu, lakini aliapa kimoyomoyo. Iko siku shangazi angemlilia, naye angempa mgongo.

Mchana mmoja alimkuta peke yake, mdomo umepinda. "Thi… thi… ndano," shangazi alisema.

"Wateja hawapo na bado unanithimanga!" Kithembe alifoka. "Thishoni tena!" Akabamiza mlango, akaketi kwenye ngazi za nje akiuonja ushindi wake. Mwache ahangaike!

Alikaa pale muda mrefu. Mbona cherehani hailii? Alichungulia. Shangazi alikuwa sakafuni, mkono mmoja umelegea kama kitambaa. Kithembe akapiga ukelele, baba yake akaja mbio.

Hospitalini, daktari alisema ni kiharusi. "Kilianza lini?"

"Sasa hivi tu," baba alijibu.

"Nahitaji ukweli. Matibabu yanategemea muda. Nikikosea, naweza kumuua."

Kithembe alitazama ukutani. Kunyamaza tu kungetosha kulipa kisasi chote. Hakuna ambaye angejua.

"Thi thatha hivi, baba," alisema mwishowe. "Nilipotoka shule mdomo ulikuwa umeshapinda. Nilidhani ananiiga. Nikamwacha makuthudi."

Baba alimkodolea macho yenye moto. Daktari alikuwa ameshaondoka mbio kwenda kwenye chumba cha kupiga picha za ubongo.

Aliporudi, alieleza: "Mshipa mkubwa wa ubongo umezibwa na damu iliyoganda. Bahati yake, mishipa midogo ya pembeni inapitisha damu kidogo, kwa hiyo sehemu kubwa ya ubongo bado hai. Tunapitisha mrija ndani ya mshipa tuuvute ule mgando."

Kesho yake shangazi aliinua vidole, akalia machozi. Daktari akamvuta Kithembe kando.

"Mishipa ile midogo ilimshikilia tu, haikumponya. Wengine hawana ya kutosha, na hata yake ingechoka. Ukiona mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno yanakwama, usikumbuke kosa la mtu. Kimbilia msaada."

"Lakini mimi bado thijamthamehe."

"Sijakwambia umsamehe," daktari alisema. "Nimekwambia ukimbie."